Betri Sita za Jalalani, Kutoka Kilosa Hadi Mikumi

Tangu nirudi juzi sijakaa kitako. Nikienda sokoni naulizwa, nikienda kisimani naulizwa. Jana hata kanisani dada mmoja alinigeukia katikati ya sala akaninong'oneza, "Mama Neema, ni kweli mlifika?" Jamani! Basi nimechukua daftari la mtoto, naandika yote mara moja. Someni, mpeane, mniache nipumue.

Kwa asiyejua chanzo: nilifanya kazi chumba cha betri pale karakana ya reli mpaka tulipopunguzwa kazini. Baada ya hapo nikawa nachaji betri za redio za majirani uani kwangu. Siku hizi za ruksa kila mtu anafungua biashara, nami nikaona nisikae tu. Nikaenda Mikumi kwa Mzee Kondo, mwenye gereji ya malori kando ya barabara kuu, kumwomba kazi ya betri. Nyuma ya gereji yake nikakuta jalala la betri, zimelundikana kama matofali. Mimi mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia, "Mzee, hizi hazikufa. Mmeziua wenyewe, kwa maji ya kisima."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Chukua sita, mama. Zikikuleta hapa kutoka Kilosa zenyewe, bila kuvutwa, bila kusukumwa, bila kupandishwa gari, chumba cha betri ni chako. Nakupa mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, kabla ya adhana ya adhuhuri, maana Jumatatu yake anaanza fundi wa Morogoro. Zisipokuleta, usinisumbue tena."

Alijua nina kigari changu cha umeme. Kigari chenyewe tulikiunda mimi na Damasi, mdogo wa mume wangu, fundi wa kuchomelea. Mbele ni pikipiki iliyokufa, nyuma ni ekseli ya trela, na mota tuliitoa kwenye toroli la umeme la shamba la mkonge lilipofungwa na vyuma kuuzwa. Swichi yake ina hatua tatu: moja ya kutambaa, mbili ya kwenda, tatu ya kukimbia. Watoto walikiita Kimyakimya kwa sababu hakina mlio.

Zile betri nilimwaga uchafu wake, nikazisuuza, nikazitia asidi safi, nikazichaji polepole siku nyingi kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Kuongeza nilitumia maji ya mvua tu, niliyoyakinga kwenye beseni katikati ya uwanja, si yale ya batini yenye kutu. Nisiwafiche: nilikuwa naitaka hiyo kazi mpaka inaniuma. Nilitaka kuitwa fundi tena.

Kilosa hadi Zombo

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Mume wangu alibaki na watoto. Tulipita sokoni kwa kasi ambayo hata mimi ilinishangaza, watu wanapiga vigelegele, Damasi amekaa usukani kidevu juu utafikiri anafungua barabara. Mimi nyuma, juu ya betri, nafurahi na huku moyo unaniambia hapana, kuna kitu.

Hatujafika mbali nikanusa mota. Nikamwambia asimame. Nikaigusa, nikarudisha mkono upesi. Halafu nikaangalia mnyororo.

"Shemeji, hii sproketi ni ipi?"

Akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Damasi, nakuuliza wewe."

"Nimeweka ile kubwa, shemeji," akasema, anaangalia majani. "Asubuhi. Nilitaka tupite sokoni vizuri."

Kwa wasioelewa: sproketi ni gurudumu la meno la mnyororo. Kubwa kwenye mota inakupa mbio, lakini mota inabeba mzigo mzito na kunyonya betri kama ndama. Ile ndogo haina mbio, ila inapanda mlima na kubakiza chaji. Tulijaribu zote mbili wiki nzima, tukakubaliana ndogo. Naye akabadilisha ili watu wa sokoni wamwone! Nilimsema, nikamsema, mpaka wakulima wawili waliokuwa wanapalilia wakaacha majembe wakasogea kusikiliza. "Wewe unataka kuonekana, mimi nataka kufika!" Mmoja wao akatikisa kichwa akamwambia, "Kaka, omba radhi yaishe." Akaomba. Tukapiga magoti hapohapo barabarani, tukafungua mnyororo, tukarudisha ndogo. Saa mbili zikaenda na maji.

Mbele tukakutana na ng'ombe. Ng'ombe wamezoea kusikia injini ndipo wapishe. Sisi tunakuja kimya, hawana habari nasi. Mfugaji mwenyewe alikuwa mbele, kisogo kwetu, anapiga mluzi. Honi sikutaka kuipiga, kila mlio ni chaji. Tukatambaa nyuma ya mikia hatua ya kwanza, Damasi akigonga sahani na kijiko. Yule mfugaji alipogeuka na kuona kigari kisicho na moshi kinamfuata na kijiko, alicheka mpaka akakaa chini. Akatupatia maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nimekunywa maziwa mengi maishani, lakini yale, acheni tu.

Zombo, kwenye mashine ya Bi Mwajuma

Zombo hakuna umeme, lakini kuna mashine ya kusaga ya Bi Mwajuma, bibi mmoja mnene mwenye sauti ya kusikika mto wa pili. Tulishakubaliana tangu mwezi uliopita: akiwasha mashine yake kusaga, nafunga altaneta ya lori, ile ya kuzalisha umeme, kwenye mkanda wake, nami nachaji bila kumzuia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho? Mbona hakina injini? Umekuja nacho umekibeba?"

Kabla sijajibu, uwanja ulishajaa watu. Wamekuja na mikeka, na vigoda, mama mmoja na mtoto mgongoni amevaa khanga mpya. Nikadhani ni wa kusaga. Nikashangaa hawana mahindi. Mzee mmoja akanisogelea kwa adabu akaniuliza, "Mama, mnaanza na ya ngumi au ya mapenzi?"

Masikini, walidhani tumekuja kuonyesha video! Betri nyingi namna ile, nyaya, wageni kutoka mjini: si video ni nini? Damasi akapanda juu ya kigoda awaeleze kwamba hakuna televisheni. Wakazomea. Mmoja akapaza sauti kwamba tumeificha mpaka watu waongezeke. Ilibidi nifungue mifuko yote, watoto wachungulie mmoja mmoja. Mwishowe wakaamua kwamba kwa kuwa wameshakuja, watatazama chaji. Na kweli walikaa wakatazama chaji! Vipovu vikitoka kwenye betri wanapiga makofi.

Bi Mwajuma alitupikia ugali wa moto na kisamvu cha karanga, akatulaza ndani kwake. Chaji haikuwa imekamilika, basi Ijumaa asubuhi kabla mashine haijawashwa nilifungua vizibo vya betri, maana betri ikichajiwa lazima ipumue, nikaenda kunawa mikono nile kiporo. Hapo ndipo nilipokosea, nasema mwenyewe. Niliacha vizibo wazi na sikumwambia mtu neno.

Niliporudi nilimkuta bibi ameinama juu ya kigari na ndoo ya maji ya kisima na kopo. Betri ya kwanza ilikuwa imejaa mpaka inamwagika. Kopo lilikuwa njiani kwenda ya pili.

"Bibi!"

"Nakusaidia, mwanangu. Umesahau kutia maji."

Mashine yake ya kusaga ndivyo ilivyo. Ina tangi la kupozea juu, na kila asubuhi kabla ya kuwasha lazima lijazwe maji mpaka shingoni. Asipojaza injini inaungua. Miaka yote anaanza siku hivyo. Akaona vifuniko vyangu viko wazi, maji yako chini kidogo, akafanya ambacho fundi yeyote wa mashine angefanya.

Nilitaka kulia. Betri inaongezwa maji ikishajaa chaji, si kabla, tena kidogo. Na maji ya kisima ndiyo haswa niliyotoka Kilosa kuyapinga. Damasi akafungua mdomo, nikamfinya mkono. Mtu amekulaza, amekulisha, amekuamkia na ndoo. Utamwambia nini?

"Ahsante, bibi. Inatosha hiyo moja," nikasema.

Nikachukua haidromita, kile kibomba cha kunyonya maji ya betri chenye kiboya ndani kinachozama asidi ikiwa dhaifu, nikanyonya yaliyozidi seli moja baada ya nyingine. Kiboya kilizama kama jiwe. Ile betri ilikuwa imekuwa supu. Mashine ikawashwa, nyingine tano zikapanda vizuri, hiyo ikawa inapata moto tu. Nikajifunga khanga kichwani, nikasema twende hivyohivyo.

Ulaya

Ulaya hii ni kijiji cha njiani, si ile ya Wazungu, na kipande hiki hakina maneno mengi. Kilima kimoja kilitutoa jasho, Damasi akashuka kupunguza uzito. Kila tulipopumzika nilikuwa nagusa vitovu vya magurudumu, maana kitu kinachokwama kinapata moto, na kinachopata moto kinakula chaji. Gurudumu la kushoto lilikuwa la moto. Breki ilikuwa inashika kidogokidogo tangu tupite Zombo, tunaendesha huku tumejizuia wenyewe! Tukailegeza, tukaongeza upepo matairi yote, kigari kikawa chepesi mpaka nikaimba.

Tulilala kwa mama mmoja muuza chai. Wali, maharage, na kambale wa kukaanga aliyekauka vizuri. Alikataa katakata kuamini kwamba mimi ndiye fundi. Kila swali la betri alimuuliza Damasi, na Damasi kila mara, "Muulize shemeji." Mara ya tano yule mama akamwambia, "Baba, mbona mvivu hivi wa kujibu?"

Darajani

Jumamosi tulitoka alfajiri kwa hatua ya pili, upepo mzuri. Nikaanza kupiga hesabu za saa kichwani, nikaona tutafika na muda wa kunywa soda. Tukakata kona, na hapo kwenye daraja dogo tukakuta lori la mahindi limesimama katikati. Kushoto korongo, kulia korongo. Hata baiskeli ilibidi ibebwe.

Dereva, Sanga, alikuwa amekaa kivulini na utingo wake. Lori lilizimika tangu jioni, betri zake mbili hazina hata nguvu ya kuzungusha starta, na shehena ile haisukumiki. Anangoja gari lolote lije wamwazime moto.

"Gari limekuja," nikamwambia.

Akakitazama kigari. "Mama, lori hili litakimaliza hicho kigari chako."

Damasi akanivuta pembeni. "Shemeji, tukimpa moto tutabaki na nini? Lori lile litanyonya zote. Tungoje gari lingine."

"Likija saa nane?"

Akaangalia jua. Nami nilikuwa naogopa, siwadanganyi. Nikichangia, naweza kuishiwa njiani. Nisipochangia, sipiti. Nikapima zote sita kwa haidromita, nikachagua mbili zenye nguvu kuliko nyingine. Lakini kabla ya kuunga waya nikafungua betri za Sanga. Vichwa vya kuungia waya vilikuwa vimeota ukungu mweupe kama mkate wa wiki mbili, na ndani mabamba yako nje, maji yameisha. Nikaosha vichwa kwa maji ya magadi, nikavikwangua, nikatia maji yangu ya mvua kiasi cha kufunika mabamba tu, nikapaka grisi. Ndipo nikaunga.

"Piga!"

Lori likaguna, likanyamaza.

"Tulia kwanza. Ziache zipumue," nikasema. Tukahesabu taratibu mpaka mia. "Sasa!"

Likashika! Moshi mweusi ukatufunika wote, utingo akaruka akamkumbatia Damasi, Sanga anapiga honi kama ameoa. Mimi nilikaa chini barabarani kwa furaha.

Sanga akashuka na pesa mkononi. Nikakataa. Akatoa kamba: "Basi niwavute mpaka Mikumi."

"Kuvutwa siruhusiwi."

"Panda juu ya shehena."

"Na hilo siruhusiwi."

"Sasa unataka nini, mama?"

"Nusu saa ya injini yako ikinguruma hapohapo. Usizime. Nichaji hizi mbili ulizonywa."

Akatazama tangi lake. Maana dizeli ni dizeli. Halafu akaanza kucheka, akavuka daraja, akaegesha, akamwambia utingo ateke maji ya chai. Tukanywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, lori linanguruma, betri zangu zinanyonya. Mzee Kondo alisema nisivutwe, nisisukumwe, nisipandishwe. Kuchaji hakukataza.

Mikumi

Sanga alitutangulia. Sisi tukafuata, na jua likapanda haraka kuliko nilivyopenda. Tumeshaanza kuona mabati ya Mikumi kwa mbali, kigari kikalegea. Nikagusa betri moja moja. Ile ya Zombo ilikuwa ya moto, imeishiwa kabisa, na betri iliyoishiwa katikati ya wenzake inakuwa mzigo. Wenzake wanaisukuma badala ya kusukuma gari. Nikaitoa kwenye mstari, nikaunga waya kuiruka. Nguvu zikapungua, lakini safi.

"Shemeji, shuka utembee," nikamwambia Damasi.

"Nisukume kidogo?"

"Ukikigusa nakukata mkono."

Basi tukaingia Mikumi hatua ya kwanza, mimi usukani, Damasi anatembea pembeni mikono mfukoni. Kuku walitupita. Naapa, kuku. Wauza nyanya wa barabarani walisimama, madereva wakatoka kwenye nyumba za wageni na miswaki mdomoni, watu wanauliza, "Kinakwenda au kimesimama?" Kinakwenda, jamani! Kilivuka barabara kuu, lori moja likanisubiri limewasha taa. Spika ya msikiti ikakwaruza, mwadhini akakohoa. Nikasema moyoni, mzee wangu kohoa tena kidogo. Akakohoa tena. Gurudumu la mbele likaingia geti la gereji, na adhana ikaanza nikiwa nimeshashika breki.

Mzee Kondo alikuwa amesimama na kopo la kutawadhia, Sanga pembeni yake meno nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akazunguka nyuma ya kigari, anatafuta kamba. Hakuna. "Sanga anasema hukuvutwa."

"Sikuvutwa."

"Wala kusukumwa?"

"Mimi nimetembea mikono mfukoni, mzee," akasema Damasi. "Waulize wauza nyanya."

Akainama, akahesabu waya. Macho yake yakasimama. "Hii moja umeiruka. Nilisema sita. Zilizokuleta ni tano."

Mafundi wakasogea kutazama. Lakini hasira yangu mnaijua, ikikaribia ndipo akili inapokuja.

"Imekuja, mzee, wala haikubebwa na lori. Na nakushukuru umeiona, maana hiyo ndiyo jibu lako. Sita zilitoka jalalani kwako zote. Tano zimekunywa maji ya mvua. Hiyo moja, kwa uzembe wangu, imekunywa maji ya kisima jana asubuhi. Usinisikilize mimi. Pima."

Nikampa haidromita. Akasema, "Ngoja niswali." Akaenda. Jamani, ile sala! Nilikaa juu ya betri zangu natazama mlango wa chumba kile, ambapo pana pipa la maji ya kisima, kopo linaelea juu, na kila betri ya kila lori ilikuwa ikinyweshwa humo.

Aliporudi alipima zote sita, seli zote, hakuruka hata moja. Ya kwanza mpaka ya tano kiboya kilisimama mahali pake, kimechoka lakini kimesimama. Ya sita kikazama. Akanyonya tena, kikazama. Akakaa juu ya tairi, akatazama lile jalala nyuma ya gereji.

"Zote zile," akasema. Kisha akawageukia mafundi wake akapaza sauti: "Mwageni hilo pipa!"

Wakalipindua. Maji yakatembea mpaka barabarani.

"Na yule fundi wa Morogoro?" nikauliza.

"Nitampigia simu. Unaanza lini, fundi?"

Fundi! Nililia mbele za watu, Damasi akalia, Sanga akafuta macho akasema ni vumbi tu. Mzee nilimjibu kwa kufungua betri za malori mawili yaliyokuwa yanangoja.

Sasa mmejua. Na wale mnaoniuliza nitahama na basi la lini: sihami na basi. Mume wangu ameshafunga kitanda na masufuria juu ya Kimyakimya, tulichorudi nacho kwa njia ileile, betri zimejaa, na kesho asubuhi tunapita tena sokoni, kwa sproketi ndogo, polepole, ili niweze kuwaaga wote.